Chupa Zilizolala Juu ya Bati

Misigiri, Jumatatu 9 Mei 1994

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Nimechana kurasa zilizojaa, zilizobaki ni zangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, jina langu halikutoka kwenye orodha ya kidato cha tano, nikarudi nyumbani. Nina miaka kumi na saba. Watu wanasema Kristina ni mpole. Si upole, ni woga. Watu wakizidi watatu mbele yangu, sauti inarudi ndani kama kichwa cha kobe. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa akisema naandika lugha mbili na sizungumzi hata moja. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda kulia chooni.

Leo mashine ya kukamulia alizeti imefika. Bwana Deo wa mradi ndiye aliyeileta. Ni chuma kizito chenye mpini mrefu kama wa pampu ya kisima. Unamimina alizeti juu, unavuta mpini chini, unaupandisha, unavuta tena. Mafuta yanachuruzika kwenye bakuli, na mashudu yanatokea mbele yakiwa yamebanwa kama biskuti. Kikundi kina wanawake kumi na wawili. Mwenyekiti ni Mama. Mimi wamenifanya katibu kwa sababu karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza.

Bwana Deo alisema mambo wazi. Mashine ni ya majaribio. Atarudi mwisho wa Agosti, na akikuta kikundi kina mnunuzi wa kudumu, inabaki kwetu. Asipomkuta, inahamia Ikungi, wako watu wanaisubiri.

"Soko huria si mchezo, kina mama," alisema. "Zamani ushirika ulinunua mpaka makapi. Sasa mnunuzi anachagua."

Shangazi Esta, dada yake Baba, akamjibu, "Na sisi tutamchagua yeye. Tunaanza na wewe, umevaa vizuri."

Mpaka dereva alicheka.

Jumatano 11 Mei

Mikono imetoka malengelenge. Chupa nne tu.

Jumatano 18 Mei

Baba hajaja kuiona mashine. Amekuwa mpimaji wa chama cha ushirika miaka kumi na tisa. Kila gunia la hapa lilipita kwenye mzani wake, na watu wazima walikuwa wakimwamkia kwa kuinama. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mazao, malori yanafika mpaka shambani, na ghala halina kitu. Yeye bado anaamka, ananyoa ndevu, anakwenda kufungua ghala, anafuta vumbi kwenye mzani, anakaa kitini, na saa saba anarudi kula.

Namwonea haya. Naliandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika kweli. Nikiwa na wenzangu tukakaribia ghala, huwa nawapitisha njia ya nyuma.

Jumatatu 23 Mei

Leo kina mama walinibeba kama kamusi mpaka dukani kwa Sultani Shamte, pale njia panda. Sultani ni wa mjini Singida. Babu yake alitoka pwani na mama yake ni Mnyaturu, na duka la hapa amelifungua mwaka juzi. Barazani ameweka madumu ya njano ya mafuta kutoka nje, masafi, hayana harufu, na watu wanayapangia foleni. Kina mama walitaka kujua adui anaitwa nani.

"Soma, katibu," Shangazi Esta akasema.

Nikasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti! Tumekuleta usome, hatukukuleta uombee."

"Ni mafuta ya michikichi," nikasema. "Yametoka Malaysia."

"Hiyo ni upande wa Kigoma?" akauliza Bibi Sijaona, aliye mkubwa kuliko wote kikundini.

"Hapana, bibi. Ng'ambo ya bahari. Mbali kuliko India."

"Yamevuka bahari yote hiyo kuja kukaanga maandazi ya Misigiri?"

Sultani akajibu akiwa ndani, bila kuinuka. "Na bado ni rahisi kuliko yenu, bibi. Mlango wa nchi umefunguliwa. Leteni yenu yakiwa safi, nitayauza. Mimi dukani sina ndugu, nina wateja."

"Shemeji," Shangazi akasema, "wewe ungemuuza hata mama mkwe."

"Akiwa na soko."

Shangazi anamwita shemeji ingawa hajaolewa kwao. Ninachomchukia Sultani ni kwamba anasema kweli huku anatafuna karanga.

Jumatatu 30 Mei

Mungu mkubwa. Mafuta yetu yametulia siku tano ndooni, Mama akayachemsha na maji kidogo na chumvi, akaondoa povu, akachuja kwa kitambaa cheupe. Yametoka rangi ya asali changa. Sultani aliyaonja kwenye kiganja, akanusa, kisha akaagiza kreti mbili kwa ajili ya mwenye hoteli mmoja wa Nzega. Zinatakiwa Jumapili, basi litazichukua. Akipendezwa, atakuwa anachukua kila wiki.

Huyo ndiye mnunuzi wa kudumu. Mama hakulala mchana kama kawaida yake. Alikuwa anaosha chupa za bia huku anaimba.

Alhamisi 2 Juni

Alizeti ya huku ni ya mistari, ganda nene. Karatasi ya maelekezo inataka nyeusi yenye ganda jembamba. Tunavuta mpini mpaka mabega yanalia, mafuta yanatoka kama machozi ya mtu asiye na huzuni. Hatutafikisha kreti mbili.

Jumamosi 4 Juni

Nitaliandika hili upesi.

Kazi ya kujaza chupa ni ya Shangazi Esta, nyumbani kwake. Mchana aliniita nimsaidie. Nilikuta chupa zimepangwa, ndoo yetu iko upande huu, na upande wa pili dumu la njano.

"Kristi, shika faneli."

"Shangazi, haya si yetu."

"Ni yangu. Nimeyanunua."

"Lakini tunasema chupa ni ya alizeti."

"Chupa haisemi kitu. Mdomo wake umezibwa na gunzi." Akacheka mwenyewe, kisha akaona sicheki. "Sikiliza, mwanangu. Huu si wizi, ni soko huria. Wenye maziwa wanatia maji, wenye mchele wanatia chenga. Alizeti yetu ushirika uliichukua na mchanga wake miaka yote na hakuna aliyekufa. Kesho tukipeleka kreti moja na nusu, Sultani atatuona watoto. Na wewe utaiaga mashine. Unataka kuiaga?"

Sikutaka kuiaga. Tangu nirudi kutoka shule, kitu pekee ambacho watu wananiitia ni hiyo mashine.

Nikashika faneli. Makopo mawili ya yetu, kopo moja la dumu. Kwenye chupa hayakuonekana tofauti. Nadhani yalikuwa mazuri zaidi, ndicho kinachoniuma.

Jumapili 5 Juni

Kanisani niliimba nyimbo zote. Meza ya Bwana sikuiendea, nilimwambia Mama tumbo linauma. Akanipa maji ya moto.

Jumamosi 11 Juni

Mwenye hoteli amependezwa. Kreti tatu kila wiki! Mama ameniagiza nimwandikie Bwana Deo kwamba soko limepatikana. Nimeandika kwa Kiswahili, kisha Mama akasema tia na Kiingereza kidogo aone. Nikatia. Uongo unaandikika vizuri katika lugha zote mbili.

Shangazi na mimi tumejaza tena. Sasa hata haniambii shika, ananipa tu.

Ijumaa 17 Juni

Baridi imeanza. Vijana wanagombania redio, Kombe la Dunia.

Jumatano 22 Juni

Upepo tangu alfajiri, ule wa kwetu wa kukausha midomo. Maji ya mtungi yanauma meno. Dumu la Sultani limeganda jeupe kama ugali uliolala, amelianika juani barazani ndipo aweze kumpimia mteja.

Nilisimama kulitazama mpaka akaniuliza kama nimetumwa.

Ijumaa 24 Juni

Sili vizuri.

Jumamosi 25 Juni

Sultani amekuja na mkokoteni. Kreti tatu. Tulikuwa wote mashineni, na wanaume wawili watatu walioleta alizeti zao kukamuliwa. Hakusalimia, na Sultani si mtu wa kutosalimia. Alichomoa chupa moja, akaiinua kwenye mwanga. Juu mafuta ya asali changa. Chini, theluthi nzima, meupe, yameganda.

"Mwenye hoteli ameyarudisha kwa basi la asubuhi," akasema. "Mama Kristina, alizeti tangu lini inaganda?"

Mama akachukua chupa, akaigeuza. Ule weupe haukusogea. "Haya si yetu."

"Chupa zenu, magunzi yenu."

"Magunzi yetu, ndiyo. Dumu ni la nani hapa Misigiri? Nani anauza mafuta yanayoganda? Umetuchanganyia wewe, Sultani, ukatupakazia sisi jina baya ili uendelee kuuza ya kwako!"

"Mimi?"

"Wewe! Si ulisema huna ndugu?"

Hapo kelele ikaanza. Bibi Sijaona alisema watu wa duka ndivyo walivyo. Mwanaume mmoja akasema tangu wafanyabiashara waingie hakuna jema. Mwingine akashika mkokoteni, akasema hautoki mpaka Sultani akiri. Sultani alikuwa amesimama katikati na chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mmoja tu, mbali na kwao, na shati lake limelowa jasho wakati wa baridi. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa anachambua alizeti kwa bidii. Hakuinua uso.

Nikahesabu watu. Kumi na saba. Naapa nilihesabu. Nikajiambia nitamwambia Mama baadaye, tukiwa wawili. Kisha yule mwanaume akasukuma mkokoteni, kreti ikaanguka, chupa zikavunjika, na Sultani akasema taratibu, "Basi vunjeni. Mimi sikuchanganya."

"Hakuchanganya," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii ilitoka sauti ambayo sikuijua, nene, ya mwanamke mkubwa. "Hakuchanganya! Ni sisi. Mimi nilishika faneli."

Kuku alipita.

"Wewe na nani?" Mama akauliza.

Sikujibu. Nilikuwa nimemaliza ujasiri wote. Lakini nilikuwa namtazama Shangazi Esta, na macho yangu yakajibu. Shangazi akaweka ungo chini. Alinitukana kwa Kinyiramba maneno ambayo hata kwenye daftari langu mwenyewe siyaandiki, akajifunga kanga, akaondoka.

Mama alimgeukia Sultani. Alipiga magoti. Mama yangu, mwenyekiti, alipiga magoti kwenye vigae vya chupa, akasema, "Nisamehe, baba." Sultani akamwinua kwa haraka, kama mtu aliyeungua. Akasema amesamehe, lakini kununua, basi. Mwenye hoteli hataki kusikia jina la Misigiri.

Akaondoka na mkokoteni mtupu.

Jumapili 26 Juni

Mama haongei nami. Amewagawia wanakikundi zile chupa zilizosalia, kila mtu akakaange kwake.

Jumatano 29 Juni

Bado haongei. Leo Baba aliniambia nimfuate ghalani. Nilidhani ni viboko, ingawa hajanichapa tangu darasa la tano.

Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya jiwe la mzani.

"Unafikiri mafuta yalichanganywa na Esta," akasema.

"Na mimi, Baba."

"Hapana. Yalichanganywa hapa." Akagonga ubao wa mzani. "Mtu alikuwa analeta gunia, naliinua, nasikia kabisa mchanga unateremka ndani. Shaa. Nikitaka kusema, huyo ni baba mdogo, huyo ni mzee wa kanisa, huyo ana mgonjwa. Napitisha. Kila mwaka. Nilijiona mtu mwema. Kumbe nilikuwa nawafundisha watu kwamba hakuna anayetazama." Akafuta ubao kwa kiganja. "Sasa kuna mtu anatazama, na sisi hatujazoea."

Nilitaka kumwambia kwamba huwa napita njia ya nyuma, nikaona tayari anajua. Nikamwambia asante, Baba. Akanipa alizeti moja, akaniambia niing'ate kwa meno ya mbele.

"Imelia?"

"Imelia ta."

"Basi ni kavu. Ikinyamaza, ina maji, usikamue. Na usikubali ya mistari, chagua nyeusi kwa mkono, hata zikiwa chache. Hicho nacho sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Jumatatu 4 Julai

Nimekwenda dukani kwa Sultani peke yangu. Nilipita mlangoni mara tatu. Mara ya nne yeye ndiye aliyesema, "Ingia, au nikuletee kiti huko barabarani?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuvunja zilizobaki?"

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nikaisoma. Nilisema dumu lake linaganda kwenye baridi ya hapa na alizeti haigandi. Kwa hiyo baridi yenyewe ndiyo mpimaji. Tutamletea chupa, atazilaza juu ya bati la duka lake usiku mmoja, yeye mwenyewe, sisi tusiguse. Asubuhi iliyo nyeupe chini, aivunje. Iliyo safi, aichukue.

Aliacha kutafuna karanga.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anajua?"

"Haongei nami."

Akacheka, lakini si vibaya. "Ziwe za mkamuo mpya. Na Esta asiziguse."

"Atazigusa," nikasema. Sijui lilitoka wapi. "Ni wa kikundi. Zikiganda utajua."

Jumanne 5 Julai

Nimemweleza Mama habari ya bati, amesikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa nini hukuniambia siku ile ya faneli?" Nikasema niliogopa. "Ulimwogopa Esta kuliko mimi?" Nikasema niliogopa mashine kuondoka. Akanitazama muda mrefu, akasema tukamue. Neno moja. Lakini tulivuta mpini pamoja, zamu kwa zamu, na mikono yetu ilikuwa inagongana.

Jumapili 10 Julai

Shangazi Esta hajafika tangu siku ile. Nilikwenda kwake baada ya ibada. Alikuwa anapepeta mtama na hakunikaribisha.

"Shikamoo, shangazi."

Alichelewa sana kuitika. Kutoitika shikamoo ni jambo zito, nadhani alilipima. "Marahaba."

"Tunajaza chupa kesho. Hakuna anayejua kufunga magunzi kama wewe. Yanavuja."

"Mmekosa wa kumtangaza?"

"Sikukutaja, shangazi."

"Ulinitazama! Macho yako yana mdomo kuliko wewe."

Nikasema ni kweli. Nikasema nisamehe kwa kukutazama, lakini Sultani angepigwa. Alipepeta kidogo tena. Kisha akasema magunzi ya mwaka huu ni mepesi, yanataka kulowekwa kwanza, na kwamba Mama hawezi kujua hilo kwa sababu kwao hawalimi mahindi ya maana.

Jumatano 13 Julai

Chupa kumi zimelala juu ya bati la Sultani. Upepo ulikuwa mkali, mzuri sana.

Alhamisi 14 Julai

Tulifika jua halijatoka vizuri, kikundi kizima, tumejifunga mablanketi. Sultani alipanda ngazi mwenyewe. Alikuwa amelaza na chupa moja ya dumu lake katikati, hakutuambia.

Akazishusha moja moja. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tano alipoigeuza kichwa chini haikudondoka hata tone, nyeupe yote, kisha akasema, "Hii ni yangu." Bibi Sijaona akamwambia akome, ana presha. Sita, saba, mpaka kumi na moja. Zetu kumi zote zinatembea ndani ya chupa kama maji ya mto.

Basi la Mwanza lilikuwa limesimama pale njia panda, abiria wananunua chai. Shangazi Esta akampokonya Sultani chupa mbili, nyeupe na yetu, akalifuata dirisha la basi.

"Baba! Wewe mwenye koti! Geuza hii. Haishuki, sivyo? Imelala, imeota ndoto, haijaamka. Geuza hii. Inakimbia! Unataka kula mafuta au kula mshumaa?"

"Mama, za kwako bei gani?"

Kina mama waliuza zote kumi kabla Sultani hajazichukua. Alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni. "Na mimi?" akasema. "Mimi ndiye mwenye bati!"

Jumapili 17 Julai

Fainali ya mpira. Wanaume wote redioni, mashine tumeipata kwa nafasi. Kreti moja kwa Sultani kesho.

Jumamosi 23 Julai

Kreti mbili. Zote safi.

Jumatatu 8 Agosti

Nane Nane. Sultani alipeleka chupa zetu mjini kwenye maonyesho. Bado mwenye hoteli wa Nzega hataki, lakini wawili wa Singida wanataka. Baba amefungua ghala, kikundi kimehamishia mashine ndani, haipigwi tena na vumbi. Anakaa mlangoni. Mtu akileta gunia, Baba anatia mkono mpaka chini kabisa, anatoa alizeti, anang'ata. Mzee wa kanisa naye aliambiwa apeleke lake nyumbani akapepete. Alinuna. Kesho yake akalirudisha likiwa jepesi, safi.

Leo nilipita mbele ya ghala na wenzangu wawili wa shule. Niliwaambia, "Yule ni baba yangu." Wakasema tunamjua, Kristina, una nini?

Jumamosi 20 Agosti

Baridi inaisha. Asubuhi hata dumu la Sultani halikuganda sawasawa. Nilimwambia kuzilaza chupa hakuna maana tena mpaka mwakani.

"Najua," akasema. "Leta kreti."

Jumapili 28 Agosti

Bwana Deo anakuja Jumatano. Nimeandika taarifa, Kiswahili kurasa tatu, Kiingereza mbili. Jioni niliwasomea wanakikundi. Nilipofika sehemu ya kuchanganya mafuta, Mama akanisimamisha.

"Hiyo itoe. Yalishakwisha."

"Nilimwandikia barua ya uongo, Mama. Sasa nimwachie hivyo?"

"Atachukua mashine! Kazi yote hii!"

Kila mtu akasema lake. Wengi walikuwa upande wa Mama, na nilielewa, mikono yao ina sugu kama yangu. Nilikuwa nimeshaanza kukata mstari kwa kalamu.

"Iache," akasema Shangazi Esta. Alikuwa anakata magunzi kwa kisu, hakuinua kichwa. "Ameandika 'mwanakikundi mmoja'. Huyo mmoja hana jina? Wewe, katibu, andika jina langu. Nisije nikaambiwa tena nimetazamwa."

Jumatano 31 Agosti

Alikuja saa nne na dereva na vijana wawili wenye kamba. Kamba tuliziona wote. Ghalani kulikuwa na kikundi, na Baba, na Sultani, na watu wa vijiji vya jirani wenye magunia yao, sikuwahesabu. Bwana Deo alichukua taarifa akaanza kuisoma amesimama. Alisoma ya Kiingereza kwanza, kisha akarudi kwenye ya Kiswahili kana kwamba hakuamini.

"Esta ni nani?"

"Mimi," Shangazi akasema. "Bado umevaa vizuri."

Hakucheka. Akanigeukia. "Ninazo taarifa za vikundi tisa. Hakuna kilichoandika jambo kama hili. Ningekuwa wewe nisingeliandika."

"Ungelikuta kwa watu," nikasema. "Afadhali ulikute kwetu."

Akamwuliza Sultani, "Na wewe bado unanunua kwao, baada ya hili?"

"Kwa sababu ya hili," Sultani akajibu. "Wengine wote wanaoniletea bidhaa hawajawahi kukosea. Hao ndio ninaowaogopa."

Bwana Deo alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akawaambia wale vijana warudishe kamba garini. Sikumbuki nani alianza vigelegele. Bibi Sijaona alikaa chini palepale kwenye mashudu. Mama alinishika shingo kwa nyuma, kwa nguvu, akauacha mkono wake pale.

Kelele zilipopungua, Bwana Deo akasema mashine nyingine inafika Ikungi mwezi wa tisa, na kikundi cha kule hakina mtu wa kuwasomea karatasi ile, wala wa kuwaambia mambo ambayo hayamo kwenye karatasi. Wiki tatu. Watatoa pa kulala. Alikuwa ananitazama mimi, lakini Shangazi ndiye aliyejibu.

"Tutakwenda wawili. Huyu akiwa peke yake atawafundisha kwa kunong'ona, watakamua masikio."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikasema nitakwenda peke yangu, na mtu aliyekuwa nje na punda wake aliuliza ndani kuna nani anayepiga kelele.

Naondoka Jumatatu.